Choo kikifunga: utaratibu wa wiki mbili kabla ya kukimbilia haluli

Mtu akikosa choo siku tatu, dawa ya kwanza inayotajwa nyumbani huwa ni haluli au sanamaki. Anakunywa usiku, asubuhi anaharisha, tumbo linakuwa jepesi, na wote wanaamini kazi imekwisha. Siku tatu baadaye analalamika tena. Mwongozo huu unaeleza kwa nini inakuwa hivyo, na unatoa utaratibu wa wiki mbili ambao kwa watu wengi unatosha bila ya dawa kali. Hatua zenyewe ni za mtu mzima. Waja wazito, watoto na wazee wana sehemu zao mbele, na dalili za hatari zisomwe na kila mtu kabla ya kuanza.

KINACHOTOKEA TUMBONI

Chakula kinapotoka utumbo mdogo kuingia utumbo mpana bado ni majimaji. Kazi ya utumbo mpana ni kuyafyonza yale maji na kukisukuma kilichobaki hadi mwisho. Kikienda kwa mwendo wake, choo hutoka laini na kimeshikana. Kikichelewa, maji yanaendelea kufyonzwa, choo kinakauka, utumbo unapata tabu kukisukuma, na kwa tabu hiyo kinachelewa zaidi. Makubwa yanayokichelewesha ni matatu: chakula kisicho na nyuzinyuzi, maji machache, na kuizuia haja inapokuja.

Sasa tazama dawa ya kuharisha inafanya nini. Haluli ni chumvi ya magnesiamu; huvuta maji kutoka mwilini na kuyaingiza ndani ya utumbo. Sanamaki huuchochea utumbo ujikaze. Zikizidi kipimo, zote mbili humwaga kila kilichomo, hata kile ambacho kingetoka kesho na keshokutwa. Utumbo uliomwagwa wote unahitaji siku mbili au tatu za kula kabla ya kujaa kiasi cha kuleta haja. Siku hizo za kimya ni za kawaida kabisa, lakini mtu huziona ni choo kimefunga tena, anakunywa dozi nyengine, na mambo yanarudi pale pale. Anayefanya hivyo kila wiki hupoteza maji na chumvi za mwili, hasa potasiamu. Potasiamu ikishuka, misuli ya utumbo inalegea, na hapo choo kinafunga kweli kweli. Kwa hiyo ukishaharisha kwa dawa, subiri siku tatu kabla ya kujihukumu kwamba umefunga.

HATUA YA KWANZA: hakikisha ni kufunga choo, na andika

Kukosa choo siku moja si maradhi. Wapo wazima wanaokwenda haja mara tatu kwa siku na wapo wanaokwenda mara tatu kwa wiki, na wote wako sawa ikiwa choo ni laini na hakina mateso. Kufunga choo ni pale unapokwenda chini ya mara tatu kwa wiki, au choo ni kigumu, au unajikakamua sana, au unainuka ukihisi hakijatoka chote. Mtu anaweza kwenda kila siku na bado akawa amefunga, kwa sababu kila siku anatoa vipande viwili vya choo cha mbuzi na kingi kinabaki.

Umbo la choo linasema zaidi kuliko hesabu ya siku. Kipimo wanachotumia madaktari kilitungwa Bristol, Uingereza, kikachapishwa mwaka 1997, na kina aina 7. Aina ya 1 ni vidonge vigumu vilivyotengana. Ya 2 ni kirefu lakini kina mabonge na ni kigumu. Ya 3 kina nyufa juu. Ya 4 ni laini na kimeshikana. Ya 5 ni vipande laini. Ya 6 ni rojorojo. Ya 7 ni maji matupu. Unachokitafuta ni ya 3 au ya 4. Chukua daftari, kila siku andika: saa uliyokwenda, aina, umejikakamua au la, bilauri ngapi za maji, na dawa yoyote uliyomeza. Daftari hilo litakufaa hata kwa daktari.

Siku hiyo hiyo kagua dawa unazotumia. Vidonge vya kuongeza damu, dawa kali za maumivu kama kodeini na tramadoli, dawa za mafua zinazoleta usingizi, amitriptilini, baadhi ya dawa za presha, na dawa za kiungulia zenye alumini, zote hufunga choo. Usiache dawa uliyoandikiwa. Mwambie aliyekuandikia, mara nyingi ipo nyengine au dozi inaweza kupangwa upya.

HATUA YA PILI: maji kwanza

Tunayatanguliza maji kwa makusudi. Nyuzinyuzi hufanya kazi kwa kushika maji, na anayeongeza maharage na mboga huku anakunywa bilauri tatu kwa siku anaweza kufunga zaidi kuliko alivyoanza. Lenga bilauri 8 za mililita 250, yaani lita 2 kwa siku, na zaidi kidogo wakati wa kaskazi au kwa anayefanya kazi juani. Kipimo cha uhakika ni mkojo: ukiwa wa manjano hafifu, umekunywa ya kutosha. Kujimiminia lita nne hakuongezi kitu, maana figo huyatoa tu yaliyozidi. Mwenye maradhi ya moyo au figo aliyewekewa kiwango cha maji abaki na kiwango alichopewa.

Njia rahisi ni kuyagawa: bilauri mbili kabla na baada ya chai ya asubuhi, moja kila baina ya swala na swala, na moja na kila mlo.

HATUA YA TATU: chakula

Mtu mzima anahitaji nyuzinyuzi kiasi cha gramu 25 kwa siku. Aliyekula boflo na chai asubuhi, wali mweupe na mchuzi wa samaki mchana, na chapati usiku, humaliza siku hata gramu 10 hakufika. Wali mweupe uliopikwa hauna hata gramu 1 kwa kikombe. Samaki, nyama, mayai na maziwa hayana kabisa. Tui nalo halina: ukishalikamua na kulichuja, nyuzinyuzi zote za nazi zinabaki kwenye machicha unayoyatupa au kuwapa kuku. Kwa hiyo mboga ya nazi husaidia kwa sababu ya mboga.

Huna haja ya kununua chochote cha kigeni. Siku moja inaweza kwenda hivi:

Asubuhi, viazi vitamu viwili vya wastani vya kuchemsha badala ya boflo: kama gramu 6.
Mchana, wali kidogo kuliko kawaida, na kikombe kizima cha maharage, mbaazi au kunde: kama gramu 11. Pembeni nusu kikombe cha mchicha au matembele: gramu 2.
Alasiri, kipande cha papai bivu cha gramu 200, ukubwa wa kiganja kilichokunjuliwa: gramu 3.
Usiku, pamoja na chakula chako, pera moja: gramu 3.

Hapo umefika 25. Majimbi na mashelisheli ni mazuri mno, yana karibu gramu 5 katika kila gramu 100, na aliyeko Pemba ambako hupikwa mara kwa mara ana bahati. Bamia ina utelezi unaosaidia kulainisha. Ukwaju una tindikali ambayo haifyonzwi yote na huvuta maji katika utumbo. Roweka konzi moja ya ukwaju katika bilauri mbili za maji usiku, chuja asubuhi, na punguza sukari. Papai nalo linasifiwa sana na linastahiki, lakini lile bichi la kupikia si mbadala wa bivu. Ndizi mbichi na za kukaanga punguza kwa sasa. Ndizi mbivu zenye madoa hazina ubaya.

Yanayoharibika hapa ni mawili. La kwanza, watu hubadilisha kila kitu siku moja, tumbo linajaa upepo, wanaacha. Ongeza kitu kimoja, kaa nacho siku tatu, kisha ongeza cha pili. Maharage yaroweke usiku kucha, mwaga maji ya kurowekea, pika kwa maji mapya hadi yabonyee kwa vidole. Upepo utapungua sana. La pili ni mbegu za mapera: moja au mawili hayana neno, lakini mtoto akila mapera mengi kwa pamoja mbegu zinaweza kukusanyika chini na kuziba. Watoto watolewe mbegu.

Anayeshindwa kufikia kiasi hicho kwa chakula anaweza kutumia maganda ya isapgoli, yanayouzwa katika maduka ya dawa na baadhi ya maduka ya viungo. Koroga kijiko kimoja cha chai katika bilauri nzima ya maji, kunywa mara moja kabla haijawa nzito, kisha fuatisha bilauri ya pili. Usiyanywe unapokwenda kulala, na usiyameze makavu, maana huvimba na yanaweza kukwama kooni.

HATUA YA NNE: wakati na mkao

Hii ndiyo hatua inayodharauliwa kuliko zote, na haigharimu hata shilingi. Tumbo linapopokea chakula, utumbo mpana hujikaza wenyewe, na mkazo wa nguvu kuliko yote huja asubuhi baada ya kufungua kinywa. Aliyeamka kwa swala ya alfajiri ana nafasi nzuri: anywe maji ya uvuguvugu, ale chochote, aende chooni baada ya dakika 20 hadi 30, awe ana haja au hana. Akae dakika 10, zisizidi. Simu ibaki chumbani, kwa sababu kukaa muda mrefu hujaza damu katika mishipa ya chini na kuleta bawasiri. Afanye hivyo kila siku kwa wakati ule ule. Siku za mwanzo huenda kisitoke kitu. Mwili unajifunza wakati kwa kurudiwa.

Haja ikija isirudishwe. Ukiizuia, hisia hupotea kwa saa kadhaa, choo kinarudi juu na kuendelea kukauka. Wengi huzuia sokoni, kwenye gari la abiria, au baina ya Magharibi na Isha ili wasitie udhu upya. Kuswali huku umejizuia haja kumekaribia kukatazwa, ni makruhu, na maji ya udhu wa pili ni mepesi kuliko wiki ya tumbo gumu.

Kuhusu mkao, choo cha kuchuchumaa kimetufaa. Kuna msuli unaouzunguka mwisho wa utumbo mfano wa kitanzi, na mtu akikaa wima kitanzi hicho huukunja utumbo. Akichuchumaa kinalegea na njia inanyooka. Nyumba nyingi mpya mjini zimewekwa choo cha kukaa. Hapo weka kigoda cha sentimita 20 hivi chini ya miguu, magoti yapande juu ya nyonga, inamia mbele, viwiko juu ya mapaja. Kisha usibane pumzi. Vuta pumzi, itanue tumbo mbele, na sukuma kwa kutoa pumzi taratibu. Anayekakamua uso hadi mishipa ya shingo ikatoka mara nyingi anaukaza ule mlango anaotaka ufunguke.

Ikiwa unachelewesha haja kwa kuogopa maumivu, na unaona damu nyekundu kidogo juu ya choo, huenda umechanika. Baada ya kila haja kaa ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15, maji matupu, bila ya chumvi wala dawa ya kuulia wadudu. Mchaniko mdogo hupona kama choo kitabaki laini kwa wiki kadhaa; kikirudi ugumu unachanika upya. Damu yenyewe ionwe na mtoa huduma hata kama ni kidogo.

Kutembea kwa miguu nusu saa kwa siku kunasaidia, hasa kwa anayeshinda dukani au ofisini.

HATUA YA TANO: dawa, kwa mpangilio

Ukifika wiki mbili kamili bila ya nafuu, au choo kimeshakuwa kigumu mno kiasi kwamba chakula peke yake hakitoshi, tumia dawa, ukianza na zinazolainisha.

Ya kwanza ni zile zinazoshika maji katika utumbo taratibu. Laktulosi ni maji matamu. Mtu mzima hunywa mililita 15 mara mbili kwa siku. Haifanyi kazi usiku mmoja, inachukua siku mbili hadi tatu, na wengi huiacha siku ya pili wakidhani haifai. Makrogoli ni unga wa pakiti unaochanganywa na maji kwa kipimo kilichoandikwa juu yake.

Ya pili, ikiwa kimelaini lakini hakisukumiki, ni dawa ya kuchochea. Bisakodili miligramu 5, kidonge kimoja au viwili unapolala, huleta haja baada ya saa 6 hadi 12. Kimeze kizima, usikisage, na usinywe maziwa wala dawa ya kiungulia ndani ya saa moja ya kukimeza, kwani ganda lake litayeyuka mapema na utapata msokoto. Dawa ya glisirini ya kuweka njia ya haja kubwa inafaa pale choo kimefika mlangoni na hakitoki. Hufanya kazi ndani ya dakika 15 hadi 30.

Sanamaki imo katika kundi hili la pili, na ni dawa ya kweli. Tatizo lake ni kipimo. Inatosha gramu 1 ya majani makavu, kama nusu kijiko cha chai, katika bilauri ya maji moto kwa dakika 10, inywewe usiku. Watu huchemsha gao zima mpaka maji yanakuwa meusi, kisha wanashangaa kusokotwa. Isizidi wiki moja mfululizo. Haluli iwe mwisho kabisa, na asiiguse mwenye maradhi ya figo, mzee dhaifu, wala mtoto.

Kupiga bomba nyumbani kwa pilipili, sabuni au dawa za miti shamba tunakataza moja kwa moja. Ukuta wa utumbo ni mwembamba. Huungua, na umewahi kutobolewa.

RAMADHANI

Futari yetu ya majimbi, mashelisheli, viazi vikuu au muhogo ni chakula kizuri kwa tumbo. Kinachofunga ni sambusa, kalimati na chapati zilizojaa mbele yake, na maji kusahauliwa. Kunywa bilauri mbili pamoja na tende wakati wa kufungua, nne kidogo kidogo hadi kulala, mbili wakati wa daku. Tende tano zina nyuzinyuzi kama gramu 3. Muda wa kukaa chooni uhamishie baada ya futari au baada ya daku, kwa sababu huko ndiko chakula kiliko.

WAJA WAZITO

Homoni za mimba hulegeza utumbo, na vidonge vya damu huongeza. Vidonge visiachwe; choo kuwa cheusi kwa ajili yake ni kawaida. Fuata hatua za maji, chakula na mkao, na ukihitaji dawa mwombe muuguzi wa kliniki laktulosi. Mafuta ya mbarika yasinywewe kabisa katika mimba, huweza kuamsha uchungu. Haluli na sanamaki za kujipimia nazo ziachwe.

WATOTO

Mtoto anayenyonya maziwa ya mama peke yake anaweza kukaa siku kadhaa, hata wiki, bila ya choo. Kikitoka laini, na ananyonya na kuongezeka uzito, hana maradhi. Asipewe maji kabla ya miezi 6, na asipewe asali kabla ya mwaka mmoja. Anayetumia maziwa ya kopo, hakikisha kijiko kinasawazishwa na maji ni kamili. Maziwa mazito hufunga. Usimtie kipande cha sabuni wala kijiti njia ya haja kubwa. Mtoto mchanga ambaye hakutoa choo chake cha kwanza ndani ya saa 48 tangu kuzaliwa apelekwe hospitali.

Mkubwa wa miaka miwili na kuendelea mara nyingi anajizuia baada ya haja moja iliyomuuma. Utamwona anasimama pembeni, anabana miguu, anakakamaa, na wazazi wanadhani anasukuma. Mwengine anazuia kwa sababu choo cha skuli ni kichafu. Choo kikikwama muda mrefu, majimaji hupita pembeni yake na kuchafua nguo; mtoto huyo hafanyi kusudi, asipigwe wala asiaibishwe. Mkalishe dakika 5 baada ya kila mlo, miguu ikanyage kitu, na mpeleke kituoni apimiwe laktulosi kwa uzito wake.

WAZEE

Mzee anayelala sana, hanywi maji, kisha ghafla anaanza kuvuja choo cha majimaji, usikimbilie dawa ya kuzuia kuharisha. Huenda ndani kuna bonge gumu na kinachovuja ni kinachopita pembeni. Apelekwe akachunguzwe. Kwa mwenye maumivu ya magoti asiyeweza kuchuchumaa, kiti imara kilichotobolewa kati, chenye ndoo chini, ni bora kuliko kumwacha azuie kwa kuogopa kuanguka.

DALILI ZA HATARI

Nenda hospitali siku hiyo hiyo ikiwa tumbo limevimba na kuuma, unatapika, na hata upepo hautoki. Hapo utumbo unaweza kuwa umeziba au umejisokota, na dawa yoyote ya kuharisha ni hatari.

Usisubiri wiki mbili ikiwa kuna damu katika choo, choo cheusi kama lami bila ya kutumia vidonge vya damu, kupungua uzito bila ya sababu, kuishiwa damu, homa, au kama una zaidi ya miaka 45 na mwendo wa choo chako umebadilika hivi karibuni. Vivyo hivyo ikiwa katika familia kuna aliyeugua saratani ya utumbo.

UKIENDA KWA DAKTARI

Anza kituo cha afya kilicho karibu. Wakiona haja watakupeleka mbele, Mnazi Mmoja kwa Unguja, au Chake Chake, Wete au Abdulla Mzee Mkoani kwa Pemba. Chukua daftari lako na dawa zote, pamoja na za miti shamba, bila ya kuficha. Daktari asiyejua kuhusu sanamaki ya kila wiki atatafuta sababu pasipo na sababu. Huenda ukapimwa damu kwa ajili ya sukari, tezi la shingo na kiwango cha chumvi. Pia tarajia kuchunguzwa kwa kidole njia ya haja kubwa. Ni uchunguzi wa dakika moja, hauumi ukilegeza mwili, na ndio unaoonyesha bonge, bawasiri au uvimbe. Una haki ya kuomba mchunguzi wa jinsia yako au mtu wako awepo chumbani. Liseme hilo mapema, unapojiandikisha.